Mwache Mtoto na Mwili Wake: Mwongozo wa Programu ya Shule kwa Walimu wa Kigoma

Programu nyingi za kuwajengea vijana kujiamini na miili yao huanzia pabaya. Mgeni anakaribishwa, wasichana wanakusanywa ukumbini, wanaambiwa wajipende kwa sababu wao ni warembo, soda zinagawiwa, gari linaondoka. Jumatatu mstarini mwalimu wa zamu anamwambia mwanafunzi, "Wewe bonge, sogea nyuma wenzako waone," na shule nzima inacheka. Somo linalobaki vichwani ni la Jumatatu.

Mwongozo huu unakwenda kinyume na hapo. Unaanza na watu wazima na taratibu za shule, kisha vipindi vya wanafunzi vinafuata. Nimeuandika nikifikiria sekondari za kata za Kigoma Ujiji, Kasulu, Kibondo na Uvinza, ambako mwalimu wa malezi ni mmoja na bado ana vipindi vya Hisabati au Kiswahili kama wengine. Hausubiri mfadhili. Unataka karatasi, kipindi kimoja kwa wiki, na mkuu wa shule ambaye hataogopa kusikia yanayosemwa katika shule yake.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla hujapanga ratiba

Gawa vipande vya karatasi kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu. Wasiandike jina wala mkondo. Kama hutaki kuwatenganisha madarasa, waambie wasichana wakunje karatasi mara mbili na wavulana mara moja. Hilo linatosha kukuonyesha wasichana wamesema nini na wavulana wamesema nini. Maswali yawe matatu tu:

- Hapa shuleni watu huitwa majina gani kwa sababu ya miili yao?
- Ni wakati gani au mahali gani shuleni hupendi kuonekana?
- Nani husema zaidi kuhusu mwili wako: wanafunzi, walimu, au watu wa nyumbani?

Usiulize "Je, unaupenda mwili wako?" Watakujibu ndiyo ili yaishe.

Jiandae kwa utakachosoma. Mafunzo mengi ya kigeni yanadhani tatizo ni moja, kwamba kila msichana anataka kuwa mwembamba. Huku kwetu shinikizo linatoka pande zote. Msichana mwembamba anaulizwa kama anaumwa, na swali hilo bado limebeba mzigo wa miaka ile ya Ukimwi. Mnene anaitwa tipwatipwa. Aliyejaaliwa makalio anafuatwa na macho na miluzi tangu stendi hadi getini, na asiye nayo anaitwa ubao. Mweusi anaitwa mkaa. Mvulana mfupi anaitwa mbilikimo, mwenye sauti ambayo bado haijawa nzito anaambiwa akakae na wasichana. Na kwa kuwa mkoa umepakana na Burundi na Kongo, utakuta na lile la kumwambia mtu ana sura ya ng'ambo, hata kama babu na bibi yake wamezaliwa na kuzikwa Heru Juu.

Karatasi za wavulana zitakuwa fupi, nyingine zitakuwa za mzaha. Zitunze vilevile. Ukiandika programu ya wasichana peke yao kwa sababu wavulana hawakusema kitu, utakuwa umewaacha nje wengi wa wanaoumiza na wengi wa wanaoumia.

Hesabu majina yaliyojirudia, andika orodha, weka karatasi mahali pa kufungwa kwa ufunguo. Utazihitaji tena mwisho wa mwaka.

Hatua ya 2: Mkuu wa shule, bodi na wazazi

Maneno "taswira ya mwili" hayatakufikisha mbali kwenye kikao cha wazazi. Zungumza mambo wanayoyaona: binti anayekataa kwenda shule siku ya michezo, kijana anayegombana kwa sababu ya jina aliloitwa, mkorogo unaouzwa kwenye vikopo visivyo na lebo. Hakuna mzazi atakayesimama kuutetea.

Waone viongozi wa dini mapema, kabla hawajasikia kwa watu kwamba shule inafundisha watoto "mambo ya miili". Ujiji ni mji wa Waislamu wa tangu zama za misafara, na Kasulu na Kibondo makanisa yana sauti kubwa. Wote wana cha kukusaidia. Sheikh anajua kwamba Sura ya 49, aya ya 11, inakataza watu kudharauliana na kuitana majina ya kejeli. Padri au mchungaji ataikumbuka Zaburi ya 139 inayomshukuru Mungu kwa umbo la binadamu. Mmoja wao akisema hayo kwa dakika tano kwenye kikao, kazi yako imepungua nusu.

Kwa wazazi, omba jambo moja tu: wasitoe maoni juu ya mwili wa mtoto mbele ya wageni. "Umenenepa!" ni pongezi kwa shangazi aliyeshuka kwenye treni ya Dar es Salaam. Kwa binti wa miaka 14 ambaye gauni la mwaka jana limemkataa, ni hukumu mbele ya sebule nzima. Salamu hiyo hatutaifuta, na sioni sababu ya kupigana nayo kati ya watu wazima. Kwa mtoto, mzazi anaweza kusema "umekua mwanangu" au kuuliza habari za masomo, na heshima ya nyumba isipungue.

Hatua ya 3: Anza na ofisi ya walimu

Hapa ndipo programu inapofaulu au kufa, kwa hiyo usipaharakishe.

Omba nusu saa kwenye kikao cha walimu. Soma kwa sauti majibu kadhaa yanayowahusu walimu, ukiwa umeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mwalimu au mwanafunzi. Usitoe mahubiri. Ofisi itanyamaza yenyewe, kisha mmoja atasema, "Lakini ule ni utani tu, hata wao wanacheka." Mwache aseme, wengine watamjibu. Mambo ya kukubaliana siku hiyo ni haya.

Hakuna mwanafunzi anayeitwa kwa umbo, rangi au kasoro ya mwili, hata kwa upendo. "Bonge wangu" inabaki kuwa bonge. Mwalimu akiwa hajui jina, aseme "wewe kijana" au aulize.

Adhabu isiguse mwonekano. Shule nyingi za serikali hutaka nywele fupi, na hilo ni suala la kanuni za shule. Kumkata mwanafunzi kipande cha nywele kwa mkasi mbele ya mstari, kisha kumwacha akae siku nzima na kichwa chenye shimo, ni kumwaibisha. Mwambie akanyoe, mpe tarehe, mwandikie mzazi. Hali kadhalika sketi iliyobana: mara nyingi haikubana kwa ujeuri, bali mtoto amekua na nyumbani hakuna fedha ya sare ya pili. Muulize pembeni kabla hujamsimamisha mbele ya wenzake.

Sifa nazo zina mipaka. Mwalimu anayemwambia msichana "siku hizi umeumbika" hajengi kujiamini kwa mtoto. Hilo ni suala la ulinzi wa mtoto, na mkuu wa shule alishughulikie hivyo. Sifa ziende kwenye kazi, bidii, usafi wa daftari, namna mtu alivyomsaidia mwenzake.

Jambo la mwisho ni walimu kujisikiliza wenyewe. Walimu wa kike wakikaa chini ya mwembe wakisema "nimenenepa mpaka najichukia", wanafunzi wanaofagia karibu wanasikia. Sisemi mtu asihangaike na uzito wake. Nasema asifanye hivyo mahali wanafunzi wanapomsikia.

Hatua ya 4: Sare, michezo, choo, mizani

Rudi kwenye swali la pili la zile karatasi: mahali na wakati ambapo hawapendi kuonekana. Mara nyingi majibu hayahitaji saikolojia, yanahitaji fundi au uamuzi wa dakika mbili.

Michezo. Msichana aliyevunja ungo juzi hataki kukimbia na sketi inayopeperuka mbele ya wavulana waliokaa kwenye ukuta. Ruhusu suruali ya michezo na fulana pana, na hijabu ya kuchezea kwa anayevaa. Mazoezi ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, yasiwe ya waliojaliwa miguu tu. Weka siku moja ya michezo isiyo ya kuchuja mtu, kama rede, kuvuta kamba, au kuogelea kwa shule zilizo karibu na ziwa zenye msimamizi anayejua maji. Timu zisichaguliwe kwa manahodha wawili kuokota mmoja mmoja mpaka abaki asiyetakiwa na mtu. Hesabu moja, mbili, moja, mbili, imekwisha.

Choo na hedhi. Mlango wenye komeo, maji, na mahali pa kutupa pedi. Bila hivyo, kipindi chako cha kujiamini hakina pa kusimama.

Mizani. Wahudumu wa afya wakija kupima uzito na urefu, wapime nyuma ya pazia na namba aambiwe mwenyewe kwa sauti ya chini. Isisomwe kwa sauti ili mwenzake aandike. Wewe mwalimu usipime uzito wa wanafunzi kama sehemu ya programu hii. Hakuna unachokihitaji kutoka kwenye mizani.

Wanafunzi wenye ualbino. Nchini mwetu hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, na mkoa wa Kigoma unaijua hofu yao kuliko mikoa mingi. Baada ya wimbi la mauaji lililoanza miaka ya 2000, watoto walihifadhiwa Kabanga, wilayani Kasulu. Mwanafunzi huyu anahitaji kofia pana na mikono mirefu hata kama sare haisemi hivyo, kiti cha mbele kwa sababu wengi wao huona kwa shida, na asisimamishwe juani mstarini. Mafuta ya kukinga jua, yakiwemo yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, yaombwe kupitia hospitali. Fanya haya kimya kimya, bila kumtangaza.

Mama vijana. Tangu Novemba 2021 Serikali ilipowaruhusu waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi katika shule za kawaida, yupo msichana anayekaa darasani na mwili ambao wenzake hawajaujua bado: matiti yanayovuja maziwa katikati ya kipindi, michirizi tumboni, uchovu. Mpangie nafasi ya kukamua au kunyonyesha, na muwekee ruhusa ya kutoka bila kueleza mbele ya darasa. Huyu ndiye huonewa kuliko wote, na mara nyingi wanaoanza ni wasichana wenzake.

Hatua ya 5: Vipindi sita

Sasa ndiyo wanafunzi. Tumia kipindi cha klabu au cha mdahalo, dakika 40, wiki sita mfululizo. Kidato cha Pili ndio hasa wenye uhitaji, lakini wana mtihani wa taifa mwisho wa mwaka, kwa hiyo wafanye Februari na Machi. Wasichana na wavulana wakae pamoja, isipokuwa kipindi cha kwanza.

Kipindi cha kwanza: mwili unaokua. Eleza yale yanayowatisha na hakuna anayewaambia. Balehe huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, na 9 na 14 kwa wavulana. Wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana miaka kadhaa na wote wakawa wazima. Wasichana hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 12 na wavulana karibu na 14, ndiyo maana Kidato cha Kwanza wasichana huwaangalia wavulana kutokea juu. Msichana huongeza mafuta mapajani na nyongani, na huo ni mwili unaojijenga. Titi moja kuwa kubwa kuliko lingine ni jambo la kawaida. Na hili liseme kwa wavulana polepole, maana wapo waliokuwa wanavaa sweta kwenye jua la Oktoba kwa ajili yake: karibu nusu ya wavulana huvimba kidogo nyuma ya chuchu wakati wa balehe, na kwa wengi huisha yenyewe ndani ya miaka miwili. Huo si ugonjwa, wala hawageuki wanawake.

Weka sanduku la maswali. Usilisome hapo hapo. Lipeleke nyumbani, uchuje, ujibu wiki inayofuata.

Kipindi cha pili: utani. Usiingie darasani kupiga marufuku utani. Utashindwa, na pia utakuwa umewanyima kitu kizuri. Waha wana watani wao, na watoto wamewaona kazini msibani. Wanajua kwamba mtani anarudishiwa, na kwamba mtani huyo huyo ndiye anayechota maji na kuchimba kaburi siku ya shida. Waambie wayapime majina yaliyo kwenye orodha yako kwa maswali haya. Je, aliyeitwa jina anaweza kurudisha bila kupigwa au kutengwa? Je, alicheka yeye, au walicheka waliomzunguka? Je, huyo "mtani" amewahi kumsaidia kitu? Majina machache yatapita. Mengi hayatapita, na watakuwa wameyakataa wao wenyewe, si wewe.

Nusu ya pili wafanye igizo fupi, kundi kwa kundi. Mmoja anaita jina, mmoja anaitwa, wa tatu ni rafiki aliyesimama pembeni. Kazi yote iko kwa huyu wa tatu. Atafute sentensi ya kusema ambayo kijana wa Mwanga au Gungu angeisema kweli, si ya kitabuni. "Hiyo imeshazeeka, lete nyingine." "Mwache bwana, tucheze." Andika ubaoni zile zilizolichekesha darasa bila kumuumiza mtu. Zitatumika uwanjani wiki hiyo hiyo.

Kipindi cha tatu: picha. Simu haziruhusiwi shuleni, lakini likizo zote wako TikTok na Instagram, na asiye na simu anaangalia ya kaka yake. Tumia picha yako mwenyewe, usitumie ya mwanafunzi. Piga moja juani bila kitu, nyingine uipitishe kwenye filta, ya tatu ipeleke studio ya mtaani ambako fundi hung'arisha uso hata hujaomba. Zichapishe tatu hizo, zizungushe. Waulize ni nini kimebadilishwa, nani anafaidika ukiiamini ile ya tatu, na anauza nini.

Kisha wasimulie habari ya Fiji. Ni visiwa ambako mwili uliojaa ulikuwa sifa, kama ilivyo kwa bibi zetu wengi. Televisheni ilifika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule mwaka huo, kisha akawauliza wengine wa rika lile lile mwaka 1998. Mwanzoni hakuna aliyesema amewahi kujitapisha ili apunguze uzito. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Acha darasa lijadili lenyewe ni nini kimefika Kigoma tangu waliokaa hapo wazaliwe.

Kipindi cha nne: mkorogo na vidonge. Tahadhari moja kabla ya yote: darasani yupo mtoto ambaye mama yake anajichubua. Asisikie mama yake akitukanwa. Zungumzia kopo, si mtu.

Krimu za kung'arisha ngozi zenye matatizo huwa na kimojawapo cha vitu vitatu. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi yenye rangi ya bluu usoni, yaani kinyume cha alichokitaka mtu. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikatoa michirizi na chunusi, na mtu akiacha ghafla uso unawaka, kwa hiyo anarudi kwenye kopo. Mkorogo wa kuchanganywa dukani unaweza kuwa navyo vyote, na hakuna lebo ya kukuambia. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Wafundishe kutafuta jina la mtengenezaji, viambato na tarehe, na kuacha chochote kisicho navyo.

Upande wa pili ni vidonge vya kunenepesha na kuongeza shepu. Mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi na hamu ya kula, au deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Hiyo ya pili huvimbisha uso, hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, na baada ya kuitumia muda mrefu mwili huacha kutengeneza homoni yake, kiasi kwamba kuikatisha ghafla ni hatari. Anayetumia asitupe vidonge leo hii. Aende kituo cha afya aonyeshe pakiti. Wavulana waulize kuhusu mafuta ya kuotesha ndevu. Vile vyuma vya makopo ya saruji wanavyonyanyua uani si vibaya, mradi asiwe anafanya kwa sababu ya aibu, na mradi anakula. Kuhusu chakula usitoe orodha ya "vinavyonenepesha". Ugali wa muhogo, dagaa, migebuka, maharage na mawese mekundu, ambayo mwili huyageuza kuwa vitamini A, ndivyo vinavyowakuza. Kijana anayeanza kuogopa chakula cha kwao umemwongezea tatizo.

Kipindi cha tano: majigambo. Hiki ndicho ninachokipenda, na hakihitaji kitu chochote kigeni. Wamekwisha kuyasoma majigambo kwenye fasihi simulizi, sasa wayatunge. Kanuni ni moja: mtu ajigambe kwa kile mwili wake unachofanya, si unavyoonekana. Mabega yaliyobeba ndoo kutoka mtoni kupanda mlima wa Kasulu. Mikono iliyoanika dagaa Kibirizi kabla jua halijachomoza. Miguu inayotembea kilomita hadi shule na kurudi. Sauti ya kwaya au ya kaswida. Mikono inayosuka, inayokokotoa, inayobembeleza mdogo wake alale. Mwanafunzi mwenye ulemavu naye ana ya kwake, na mara nyingi huwa makali kuliko yote. Asiyetaka kusimama aandike, mwenzake amsomee.

Watacheka sana. Vizuri.

Kipindi cha sita: wafundishe wadogo. Mojawapo ya programu zilizojaribiwa sana duniani katika eneo hili ilianzishwa na mwanasaikolojia Eric Stice wa Marekani. Kiini chake ni kwamba mtu anapopinga jambo kwa mdomo wake mwenyewe, kwa hiari na mbele ya watu, hulilegeza moyoni mwake pia. Programu ile ilitungwa kwa wasichana wakubwa kidogo ambao tayari hawaridhiki na miili yao, kwa hiyo tusiinakili yote. Tuchukue uti wake: kila mmoja aandike barua kwa mtoto wa darasa la saba anayekuja Kidato cha Kwanza mwakani, amweleze kutafuta mwili wa kwenye picha kunagharimu nini, kwa fedha, muda, afya na urafiki, na atakapoitwa jina afanye nini. Barua bora ziwe ngonjera, zisomwe siku ya wazazi. Kama mahafali yenu huwa na shindano la urembo, ngonjera hiyo inaweza kuchukua nafasi yake na hakuna atakayelilia.

Hatua ya 6: Mtoto anayehitaji zaidi ya kipindi

Wapo ambao majigambo hayatawatosha. Mwangalie anayeacha kula mchana kila siku na kusema ameshiba. Anayeendelea kukwepa chakula chini ya kivuli cha funga hata nyumbani wanaposhangaa. Anayekimbilia chooni kila baada ya kula. Aliyepungua au kuongezeka haraka. Anayevaa sweta siku zote kuficha mikono yenye alama za kujikata. Anayesema afadhali asingezaliwa. Usimpe ushauri wa lishe wala usimsifu kwa kupungua. Kaa naye mahali panapoonekana lakini pasiposikika. Mwambie ulichokiona bila kutaja umbo lake: "Naona siku hizi huli na wenzako, nimekuwa na wasiwasi nawe." Kisha nyamaza.

Usiahidi siri yote. Mwambie kwamba kama maisha yake yako hatarini utamshirikisha mtu mwingine, na umtaje ni nani. Mzazi ashirikishwe, isipokuwa kama ni nyumbani ndiko anakoumizwa; hapo nenda kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, hailipiwi, na mwalimu pia anaweza kuipiga. Kituo cha afya cha jirani ndicho mlango wa kwanza wa matibabu, na kwa mambo mazito kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Aliyesema anataka kufa hasubiri Jumatatu.

Hatua ya 7: Rudia zile karatasi

Oktoba, kabla mitihani haijabana, gawa maswali yale yale matatu. Hesabu majina, ulinganishe na orodha ya mwanzo. Usitarajie yaishe. Tazama kama yamepungua, kama wanaotajwa zaidi bado ni walimu, na kama yapo mapya yaliyotokea kwenye video za mwaka huu. Angalia pia vitu vinavyohesabika bila kumuuliza mtu: wasichana wangapi wanakuja siku ya michezo, wangapi walibaki nyumbani wiki ya kupimwa.

Matokeo yapeleke kwanza ofisi ya walimu, kisha bodi. Ukiona jina moja limebaki juu ya orodha miaka miwili mfululizo, mara nyingi lina mwenyewe: mwalimu mmoja, dada mkuu, au mpishi. Mfuate huyo peke yake.

Programu isibaki mikononi mwako. Mwalimu wa malezi huhamishwa, na daftari lake huondoka naye. Chagua wanafunzi wanne wa Kidato cha Tatu, wavulana wawili na wasichana wawili, waliofanya vipindi mwaka uliotangulia, wakusaidie kuendesha kipindi cha pili na cha tano. Usiwachague kwa sura wala kwa alama. Tazama nani wenzao humkimbilia wakiwa na shida. Orodha ya majina, sentensi zile za ubaoni na barua zilizosomwa siku ya wazazi zikae kwenye faili moja ofisini kwa mkuu wa shule, pamoja na nakala ya makubaliano ya walimu, ili mwalimu mpya akiripoti Januari apewe asome kabla hajashika zamu.